Presha, sukari, magoti: elfu hamsini ya kwanza iende wapi

Usianze na mashine ya presha, wala usianze na chupa ya virutubisho. Umevuka miaka 40, kichwa kizito asubuhi, magoti yanauma ukipanda ngazi, na mfukoni una elfu hamsini ya kukufikisha mwisho wa mwezi. Pesa ya kwanza itoe kwa vipimo vitatu vya kawaida: presha, sukari ya asubuhi kabla ya kula, na mkojo. Kabla hujavipata, kila utakachonunua unabahatisha.

Kituo cha serikali au binafsi? Cha serikali ni nafuu kwenye risiti, lakini foleni inaweza kula nusu siku. Kwa mwajiriwa aliyeomba ruhusa si neno. Kwa mama lishe au dereva wa bodaboda, nusu siku ni mauzo yaliyopotea, na lazima yaingie kwenye hesabu. Zahanati binafsi ikizidi kwa pesa ndogo kuliko unayoingiza asubuhi moja, nenda huko.

Ila uliza kabla hujafungua faili. Kumwona daktari ni bei gani? Nikirudi na majibu wiki hii, nalipa tena? Vipimo vipi ni vya lazima leo, na vipi vinaweza kusubiri? Watu wengi hushtukia bili dirishani kwa sababu waliuliza bei ya kipimo tu, wakasahau faili, daktari na marudio.

Vipimo vya bure navyo vipo. Karibu na Mei 17, Siku ya Presha Duniani, na Novemba 14, Siku ya Kisukari Duniani, taasisi za afya hufungua mabanda. Maonyesho ya Sabasaba pale Dar es Salaam nayo huwa na mabanda ya kupima. Andika namba zako kwenye karatasi uende nayo kwa daktari. Lakini ukisoma 180 kwa 120 huku kifua kinauma, pumzi inakata, macho yanaona ukungu au upande mmoja wa mwili umelegea, hapo hakuna kulinganisha bei. Hospitali saa hiyo hiyo.

Kipimo kimoja cha juu hakikufanyi mgonjwa. Kwa kawaida daktari hutaka kuona 140 kwa 90 au zaidi kwa siku mbili tofauti. Na maumivu ya kichwa si kipimo: wengi wenye presha ya juu hawasikii chochote.

Sasa dawa, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Presha ni kama kodi ya nyumba, inalipwa kila mwezi, kwa hiyo usiulize bei ya pakiti, uliza bei ya mwezi. Nitatumia bei za mfano. Mtaani kwako zitapanda au kushuka. Kidonge kimoja kwa siku cha shilingi 150 ni 4,500 kwa mwezi. Kidonge chenye dawa ile ile ndani, ila boksi lina jina la kiwanda kinachotangazwa, kikiwa 1,200, mwezi ni 36,000. Kwa mwaka tofauti ni 378,000. Hiyo ni ada ya mtoto.

Jina la kuangalia ni lile dogo lililo chini ya jina kubwa kwenye boksi: amlodipine, losartan, enalapril, hydrochlorothiazide. Zote ni dawa za zamani zinazotengenezwa na viwanda vingi, na zote zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mwambie daktari bila aibu: niandikie jina la dawa, si jina la kampuni. Kisha nunua famasi yenye kibali, boksi lina tarehe ya mwisho, na risiti unapewa. Dawa ya bei ya chini inayouzwa mkononi au kwenye begi sokoni iache hapo hapo.

Kila dawa ina usumbufu wake, na usumbufu ni gharama. Amlodipine huweza kuvimbisha miguu. Enalapril huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichosikia dawa ya kikohozi. Usinunue sharubati, rudi ubadilishiwe. Hydrochlorothiazide hukupeleka chooni mara nyingi, hivyo imezwe asubuhi, hasa kama safari yako ya daladala ni ndefu. Mama aliye kwenye umri wa kuweza kushika mimba amweleze daktari mapema, kwa sababu enalapril na losartan hazifai kwa mjamzito.

Ubanaji matumizi wa hatari kuliko wote ni kumeza dawa ukijisikia vibaya na kuiacha ukipata nafuu. Unaokoa elfu chache, presha inapanda kimya kimya, na kiharusi kikikukuta familia nzima inauza shamba. Kama pesa haitoshi, sema, ubadilishiwe dawa iwe ya bei ndogo, lakini imezwe kila siku.

Presha ikishatulia, uliza kama unaweza kuandikiwa dawa za miezi mitatu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema mgonjwa aonwe kila mwezi mpaka presha ishuke kwenye lengo, halafu kila miezi mitatu hadi sita. Anayelipa faili na daktari kila mwezi kwa ajili ya kujaza vidonge vile vile anatoa pesa bure.

Mashine ya presha ya nyumbani inafaa, ila ije baada ya dawa. Chagua ya kuvaa mkono wa juu. Ya kifundo cha mkono ni ndogo na mara nyingi bei yake inavutia, lakini hudanganyika kirahisi mkono ukikaa vibaya. Pima mzunguko wa mkono wako wa juu kwa futi ya fundi cherehani kabla ya kununua: mkanda wa kawaida mara nyingi huishia sentimita 32 hivi, na mkono mnene kwenye mkanda mdogo husoma presha ya uongo, ya juu. Mkanda mkubwa ukiuzwa peke yake, hiyo ni bei ya pili. Betri ni bei ya tatu. Adapta ya umeme mara nyingi haimo ndani ya boksi.

Ukishainunua, ipeleke kituo cha afya uilinganishe na ya kwao. Nyumbani kaa kwenye kiti, mgongo umeegemea, miguu chini, tulia dakika tano bila kuongea, pima mara mbili. Kwa kipimo cha nyumbani, 135 kwa 85 ndipo wasiwasi unapoanzia. Ndugu watatu jirani mnaweza kuchanga mashine moja nzuri. Haiishi kwa kutumiwa na wengi.

Mashine ya sukari ni biashara nyingine kabisa. Yenyewe huuzwa rahisi, wakati mwingine hutolewa bure, kwa sababu pesa iko kwenye stripi. Kila aina inakubali stripi zake tu, kopo likifunguliwa muda wake hupungua, na likiadimika mjini kwako mashine inabaki pambo. Kwa hiyo tafuta kwanza stripi: maduka mangapi ya karibu yanaziuza, na kopo la 50 ni bei gani? Kisha chagua mashine inayozitumia. Mtu anayetumia vidonge vya metformin pekee na hali yake ni tulivu kwa kawaida hana haja ya kujitoboa kidole kila siku. Pesa hiyo ni bora ilipie kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu. Anayechoma insulini ni habari tofauti. Kwake stripi ni lazima.

Kuna wanaopita maofisini na misikitini na mashine unayoshika mkononi, inakuambia hali ya ini, figo, moyo na mifupa kwa dakika moja, kwa elfu kumi. Haina uthibitisho wa kitabibu. Elfu kumi ni chambo tu. Baada yake huja dozi kamili ya virutubisho ya laki kadhaa, na anayepima ndiye anayeuza. Nenda nayo elfu kumi yako maabara.

Chakula ndiyo sehemu isiyohitaji duka jipya. Chumvi yote ya siku, pamoja na iliyo ndani ya mkate, ng'onda na vidonge vya kuungia mchuzi, isizidi kijiko kimoja cha chai. Anza kwa kuacha kidonge cha mchuzi: unaokoa pesa na presha inashuka. Dona badala ya sembe, maharage, mchicha, na soda iwe ya sikukuu. Mafuta ya zeituni hayana ulazima. Chai ya choya inaweza kushusha presha kidogo. Inywe bila sukari, lakini haichukui nafasi ya kidonge. Kutembea dakika 30 siku tano kwa wiki ni bure. Shuka daladala vituo viwili kabla.

Magoti sasa, maana hapa kuna mtego mbaya. Diclofenac ni rahisi, inapatikana kila kona, na inatuliza kweli. Pia inapandisha presha, inachubua tumbo, na ukiitumia muda mrefu pamoja na enalapril au losartan na dawa ya kukojoa, inaweza kuumiza figo. Gharama ya kusafisha damu kwa mashine figo zikifeli, hakuna mfuko wa kawaida unaoiweza. Dawa za kienyeji za viungo zinazotuliza maumivu ndani ya saa chache zikutie shaka: katika nchi nyingi zimekamatwa zikiwa zimechanganywa na diclofenac hiyo hiyo au steroidi. Kwa goti la umri, paracetamol kwa kipimo, dawa ya kupaka, mazoezi ya kukaza paja na kupunguza uzito ndiyo manunuzi mazuri. Kila kilo moja unayopunguza huondoa mzigo wa kilo nne hivi kwenye goti kwa kila hatua. Vidonge vya glucosamine ni ghali na faida yake ni ndogo, ruka.

Macho: miwani ya kusomea ya mezani barabarani inatosha kama unaona mbali vizuri na macho yote mawili yako sawa. Shika simu umbali wa sentimita 40, chagua namba ndogo kuliko zote inayokuwezesha kusoma. Mwenye kisukari apimwe macho kwanza.

Na bima. Kabla hujalipa mchango wa mwaka, uliza mambo manne na upate majibu kwa maandishi: nasubiri muda gani kabla ya kuanza kutibiwa, magonjwa niliyonayo tayari yanakubaliwa, dawa zangu kwa majina zimo kwenye orodha yenu, na famasi gani karibu nami inapokea kadi? Kama jibu la swali la tatu ni hapana, toa kalamu upige hesabu: dawa zako kwa mwaka ni shilingi ngapi, na kadi itakuachia ngapi za kulipa mwenyewe.