Beni-Butembo: Sabuni inayotoka kwenye kalibu leo haifai kuuzishwa kesho

Katika mitaa mingi ya Beni na Butembo, jimboni Kivu Kaskazini, kutengeneza sabuni ni moja ya biashara chache ambazo kijana aliyemaliza masomo bila kupata kazi, ao mama aliyekimbia vita na kuacha shamba lake, anaweza kuanza bila mtaji mkubwa. Bidoni ya mafuta ya mawese, soda kostiki, maji, mizani na kalibu ya mbao vinatosha. Mafunzo yenyewe mara nyingi ni ya siku 2 ao 3. Na hapo ndipo haraka inapoingia: mtu anajifunza siku ya kwanza ya juma, na siku ya posho anataka awe tayari sokoni.

Haraka hiyo ina sababu. Mwenye nyumba anangoja pesa zake, watoto wanarudishwa kutoka shuleni kwa sababu ya deni, na zamu ya kutoa likelemba haijui kama sabuni imekauka ao bado. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba awe na subira ni rahisi kwa yule ambaye amekwisha kula. Tena, wale wanaosema kila siku kwamba haraka ni mbaya wanasahau kuwa katika biashara kuna saa ambapo mwenye kuchelewa ndiye anayepoteza.

Wakaaji wa eneo hili waliliona jambo hilo. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, Ebola ilisumbua Kivu Kaskazini na Ituri, na ndoo za kunawia mikono ziliwekwa kwenye milango ya shule, makanisa, butiki na vizuizi vya barabarani. Ebola ilikuwa haijaisha wakati Korona ilipotangazwa nchini, Machi 2020. Sabuni ilihitajiwa kila pahali. Aliyekuwa na mafuta na soda nyumbani, na aliyejua kazi, hakuwa na sababu ya kungoja. Mambo yalikuwa vivyo hivyo kwa washonaji: fundi aliyekata vipande vya kitenge na kushona maski katika siku za kwanza alipata wateja mbele ya wengine. Fundi aliyeanza nyuma, wakati kila cherehani ya mtaa ilikuwa inashona kitu kilekile, alikuta wenzake wamekwisha kugawana wateja.

Kuna faida nyingine ya kwenda mbio, na pengine ni kubwa kuliko pesa za siku za kwanza. Anayetengeneza kilo 2 leo na kuwapa majirani wajaribu, atajua ndani ya juma moja kama wanapenda sabuni ngumu ya kufulia ao yenye povu nyingi ya kuogea, kama wanataka kipande kikubwa ao cha bei ya kadogo, kama harufu ya mawese inawakera. Mwenzake aliyekaa miezi 6 akichora nembo na kutafuta jina zuri la kampuni hajui hata moja kati ya hayo. Na akikosea, yule wa kilo 2 amepoteza kilo 2 tu.

Lakini sabuni yenyewe ina saa yake, na saa hiyo haisukumwi na mtu.

Mafuta yanapokutana na soda iliyoyeyushwa katika maji, vitu hivyo viwili vinabadilishana na kuwa sabuni. Kilo 1 ya mawese inahitaji karibu gramu 140 za soda kostiki ili mafuta yote yageuke. Watengenezaji waangalifu hupunguza kidogo, wakatia gramu 133 ao 134, ili mafuta kidogo yabaki na ngozi isiumie. Tofauti ya gramu 20 inaweza kuharibu kazi yote: soda ikizidi, sabuni inachoma mikono ya mama anayefua, ikipungua sana, sabuni inabaki laini na yenye mafuta. Ndiyo maana anayepima kwa kikombe ao kwa jicho, eti kwa kuwa mizani inachelewesha, anacheza na ngozi ya wateja wake.

Katika njia ya baridi, ile isiyotumia moto mwingi, sabuni hukaa ndani ya kalibu siku 1 ao 2 ndipo ikatwe. Kwa macho, imekwisha. Ni ngumu kiasi, ina rangi nzuri, inaweza kupangwa kwenye meza. Lakini ndani bado ina maji mengi, na soda pengine haijamaliza kazi yake. Inatakiwa ikae juu ya mbao, mahali penye hewa, kwa muda wa majuma 4 hivi. Butembo iko juu milimani, kuna baridi na mvua nyingi, na huko majuma 4 yanaweza kuwa 5 ao 6. Yule anayeishi Beni, ambako joto ni zaidi, asimhesabie siku mwenzake wa Butembo.

Anayeuzisha kabla ya wakati huo anapata pesa, hilo ni kweli. Tena anapata zaidi kwa kilo, maana anauzisha na maji: kipande kilichokatwa kikiwa na gramu 500 kinaweza kushuka hadi gramu 450 hivi kikikauka. Shida inakuja kule kwa mnunuzi. Sabuni mbichi inayeyuka haraka katika beseni. Kipande kilichopaswa kumaliza juma kinaisha kwa siku 3. Mama aliyekinunua hatarudi kugombana. Atanunua sabuni nyingine, na dada yake akimuuliza, atamwambia ile ya mtaani ni bure. Na sabuni nyingine iko: kuna ya kiwanda cha Mutwanga, katika teritware ya Beni, na kuna zile zinazoingia kutoka Uganda kupitia mpaka wa Kasindi. Mtengenezaji mdogo hawezi kushindana nazo kwa wingi. Anaweza kushindana kwa kujulikana tu, kwa mteja kumjua uso na kumuamini. Hicho ndicho anachokiuzisha pamoja na kipande kibichi.

Kuna njia ya moto, ambapo mchanganyiko huchemshwa masaa kadhaa hadi soda yote imalize kazi. Sabuni ya namna hiyo inaweza kutumiwa baada ya siku chache, hata kama ikiachwa ikauke inakuwa bora zaidi. Hiyo ni haraka inayokubalika, lakini si ya bure: makala ni ghali, na kazi inataka mtu asimame karibu na sufuria muda wote.

Sufuria hiyo isiwe ya aluminiamu. Hapa haraka inaweza kuleta zaidi ya hasara ya pesa. Sufuria nyingi za nyumbani ni za aluminiamu, na soda kostiki inakula aluminiamu, inatoa joto na gesi inayoweza kuwaka moto. Vilevile, soda ndiyo inayotiwa polepole ndani ya maji. Maji hayamwagwi juu ya soda, kwani yanaweza kuruka na kuunguza uso na macho. Glovu na miwani si mapambo ya picha za mafunzo. Na mtoto asiyejua kusoma hawezi kutofautisha chupa ya soda iliyoyeyushwa na chupa ya maji ya kunywa.

Upande wa pesa, mtego ni uleule wa saa mbili zisizokwenda pamoja. Chukua mfano wa kijana aliyekopa dola 200 katika kikundi cha akiba cha mtaa, kwa riba ya 5% kwa mwezi, arudishe kwa miezi 4. Kila mwezi atatoa dola 50 za deni na juu yake riba, ambayo mwezi wa kwanza ni dola 10. Sabuni yake ya kwanza itakuwa tayari mwisho wa mwezi huohuo, na itataka juma moja ao mawili kuisha sokoni. Maana yake, malipo ya kwanza yanamkuta hajauzisha hata kipande kimoja. Atafanya nini? Ataiuzisha mbichi, ao atakopa pahali pengine ili alipe pa kwanza. Wengi hudhani waliangushwa na soko, kumbe waliangushwa na kalenda. Angeomba kuanza kulipa mwezi wa pili ao wa tatu, ao angekopa dola 60 na kuanza na bidoni moja, hesabu ingekuwa nyingine kabisa.

Mtego mwingine huja ukiwa umevaa nguo za bahati. Shule, kituo cha afya ao shirika fulani linaomba vipande 500 kwa siku 10. Kijana anayeanza hataki kusema hapana. Anachukua malipo ya mbele, ananunua mafuta kwa bei yoyote, anawaita marafiki wasiojua kupima, na kazi inatoka mbaya. Pengine jibu zuri lingekuwa vipande 100 vilivyokauka sasa, na vingine 400 baada ya mwezi. Wateja wengine watakataa. Waende.

Barabara nazo zina neno lake. Mawese mengi yanatoka sehemu za joto za Beni na pembeni ya Ituri, na tangu miaka mingi mashambulizi ya ADF yanafunga njia na kufukuza wakulima. Uongozi wa kijeshi uliowekwa Mei 2021 katika Kivu Kaskazini na Ituri haujamaliza hofu hiyo. Njia ikifungwa siku 5, bei ya bidoni inapanda. Aliyekula faida yote ya kwanza kwa kununua simu mpya anasimamisha kazi. Aliyeweka bidoni 2 pembeni anaendelea. Kuweka akiba kunaonekana kama uvivu wakati soko linakimbia, hadi siku lori halikufika.

Kuhusu makaratasi, mambo ni mchanganyiko. Guichet Unique, ofisi ya kuandikisha makampuni iliyoundwa mwaka wa 2012, ilikusudiwa kufupisha safari ndefu za ofisi kwa ofisi. Mwaka huohuo Kongo iliingia katika OHADA, ambayo sheria yake inamruhusu mfanyabiashara mdogo kujitangaza tu kama mjasiriamali bila kupita njia nzito ya kampuni. Kukimbilia kuandikisha kampuni kubwa kabla ya kuuzisha kilo 50 ni kujiletea kodi kabla ya mapato. Ila anayetaka sabuni yake iingie katika depo kubwa ao ivuke mpaka, huyo aanze mapema kuulizia OCC, ofisi inayopima ubora wa bidhaa, maana mlango huo haufunguki kwa siku moja.

Wafanyabiashara wakubwa wa Butembo, wale wanaoleta makontena kutoka Asia kupitia bandari ya Mombasa, wanajulikana kwa kuamua haraka: simu moja, neno moja, mzigo unaagizwa. Wachanga wanaona simu hiyo na kutaka kuiga. Wasichokiona ni miaka ya kuaminiana iliyo nyuma yake, kati ya watu wanaojua nani analipa na nani anakimbia.

Kwa mwenye kuanza na bidoni moja, kazi ya haraka zaidi anayoweza kufanya leo ni ndogo: kuandika tarehe kwa kalamu ya makala ya kuni kwenye ubao wa kila kundi la sabuni, na tarehe nyingine ya majuma 4 mbele. Halafu, wakati kundi la kwanza linakauka, atengeneze la pili juma linalofuata, na la tatu juma lingine. Mwezi wa kwanza hatauzisha kitu. Kuanzia wa pili, kila juma kutakuwa na ubao mmoja ulio tayari kushuka sokoni.