Kamba ya mbuzi isifungwe kiunoni mwa mtoto

Mzazi wa Handeni au Korogwe haulizi kamba ni nini. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche 62 tu ikasalimika safarini, na leo mashamba yake unayaona barabarani pale Hale na Ngombezi. Hata asiye na shamba hukata jani, akaliponda, akapara nyama yake na kusokota singa pajani. (Utomvu wake unawasha, mtoto asiachiwe kazi hiyo.)

Nyumbani, kamba moja inafunga mbuzi asubuhi, inavuta ndoo kisimani mchana, na jioni watoto wanairuka. Tumeizoea mno, ndiyo maana hatuitazami.

Hebu mtazame mtoto anayechunga. Mikono imechoka, au ameona embe, basi anajifunga kamba kiunoni ama anaizungusha kiganjani mara tatu. Kwake ni akili. Ikipita pikipiki kwa kishindo, mnyama anakurupuka, na fundo linazidi kukaza kadiri anavyovuta. Mbuzi mkubwa anaweza kumwangusha mtoto wa miaka saba na kumburuta. Ndama au punda ndiyo usiseme.

Mfundishe hivi, tena kwa vitendo: kamba inashikwa kwa kiganja, haizungushwi mkononi wala haifungwi mwilini. Mnyama akikimbia, achia. Hapa wazazi wengi tunakosea sisi wenyewe, maana tumemwambia, "Mbuzi akipotea usirudi nyumbani." Mtoto aliyeambiwa hivyo hataachia. Mwambie waziwazi kwamba mbuzi atatafutwa na hatachapwa.

Jambo la pili ni kitanzi. Fundo la kawaida hukaa pale ulipolifunga, kitanzi hukaza kikivutwa. Watoto hucheza "ng'ombe na mchungaji" wakivishana kamba shingoni. Mchezo huo ukomeshwe siku hiyo hiyo, kwa maelezo, si kwa kofi tu. Bembea mtini haina ubaya mtu mzima akiwa karibu, lakini wakimaliza ifunguliwe, hasa kama kuna mdogo anayetambaa au kupanda vitu. Kamba ya kuanikia nguo iwe juu ya kichwa cha anayekimbia, na ncha zinazoning'inia zikatwe.

Kamba za manila za dukani haziozi upesi kama katani, na zinateleza. Ikichomoka mkononi kwa kasi, inaunguza kiganja. Ya kisimani iwe na mafundo ya kushikia, na mtoto asijifunge nayo anapoinamia maji.

Jioni, baada ya kuruka, itundikwe msumarini juu, mahali pamoja na panga.