Kisonono na Macho ya Mtoto Mchanga

Mtoto anapopita katika njia ya uzazi ya mama mwenye kisonono, macho yake huguswa na majimaji yenye vijidudu vya ugonjwa huo, na uchunguzi uliofanywa Nairobi katika miaka ya 1980 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 waliozaliwa hivyo bila kinga, takriban 42 waliambukizwa. Dalili hujitokeza kwa kawaida kati ya siku ya pili na ya tano: kope huvimba hata zisifunguke, na usaha mzito wa manjano, usiofanana na tongotongo za kawaida, hurudi mara tu unapopanguswa. Kinachotisha ni kwamba kijidudu hiki, tofauti na bakteria wengi, huweza kupenya konea, yaani kioo cha mbele ya jicho, hata pasipo mkwaruzo, kikaitoboa na kumpofusha mtoto katika siku chache. Klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa unaomfikia mtoto kwa njia hiyo hiyo, huchelewa zaidi kuonyesha dalili, na huweza kushuka mapafuni ikaleta nimonia.

Kinga dhidi ya kisonono cha macho ni ya kale. Mwaka 1881 daktari Carl Credé wa Leipzig, Ujerumani, alitangaza mafanikio ya tone la naitreti ya fedha machoni mwa mtoto mchanga. Mwaka 1988 watafiti wa Nairobi wakaonyesha kwamba marhamu ya tetrasaiklini nayo hukinga vyema, tena bila kuyawasha macho kama naitreti.

Kwa mzazi wa Gede, pwani ya Kenya, anayejifungulia kituo cha afya au hospitali ya Malindi, kinga hiyo ni kazi ya dakika moja: muuguzi hupangusa kope kwa pamba safi, huivuta ya chini, kisha hupaka uzi mwembamba wa marhamu. Anayezaliwa nyumbani mikononi mwa mkunga wa jadi huikosa, na maziwa ya mama yanayodondoshwa machoni, ingawa hutiwa kwa mapenzi, hayaponyi kisonono bali hula saa ambazo mtoto hana. Wala mama hastahili lawama, kwa kuwa wanawake wengi wenye kisonono hawaoni dalili yoyote.

Usaha ukishatoka, marhamu pekee hayatoshi. Mtoto hupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, akadungwa sindano ya seftriaksoni na kusafishwa macho kwa maji ya chumvi, huku wazazi wote wawili wakitibiwa pamoja, maana baba asiyetibiwa humwambukiza mama upya kabla ya mimba inayofuata.