Kingamwili za Kuazima: Daktari wa Watoto Songea na Maambukizi ya Tumboni

Maambukizi ya kuzaliwa nayo ni yale ambayo mtoto huyapata kwa mama yake kabla hajazaliwa, vimelea vikipenya kondo la nyuma, yaani kiungo kinachomlisha mtoto tumboni kutokana na damu ya mama, au wakati wa uchungu na kujifungua. Daktari wa watoto aliyebobea katika magonjwa ya kuambukiza huyaona kuwa magumu kuliko maradhi mengi ya utotoni, kwa sababu wengi wa watoto walioambukizwa huzaliwa wakilia vizuri, wakinyonya vizuri na wakiwa na uzito wa kuridhisha, na kwa sababu damu ya mtoto mchanga, hata ikichukuliwa na kupimwa kwa uangalifu wote, haielezi habari zake peke yake.

Sababu iko kwenye kingamwili, ambazo ni protini zinazotengenezwa na mwili ili kukitambua kimelea na kukidhibiti. Vipimo vingi vya maabara havikitafuti kimelea chenyewe, hutafuta kingamwili zilizotengenezwa dhidi yake. Sasa kondo la nyuma hupitisha kingamwili za aina ya IgG kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, hasa katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, na hiyo ni akiba njema inayomkinga mtoto kabla hajaanza kujitengenezea zake. Akiba hiyohiyo ndiyo humtatiza daktari, maana kipimo cha mtoto kinaposema ndiyo, huenda kinamsema mama, na kingamwili hizo za kuazima huweza kukaa katika damu ya mtoto hadi afikishe miezi 18.

Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, ndiko iliko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, maarufu kwa jina la HOMSO, na wilaya zinazoitegemea zimetawanyika sana: Tunduru iko zaidi ya kilomita 200 upande wa mashariki, na Mbamba Bay, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, ni zaidi ya kilomita 150 upande wa kusini-magharibi. Karibu na mji, upande wa magharibi, ipo pia hospitali ya misheni ya Peramiho, iliyochipuka katika misheni ambayo Wabenediktini waliianzisha mwaka 1898. Kwa umbali wa namna hiyo, chombo cha thamani kuliko vyote mezani kwa daktari wa mtoto mchanga ni kadi ya kliniki ya mama, iliyojazwa na muuguzi wa zahanati miezi kadhaa kabla, kwa kuwa humo ndimo anamoweza kusoma iwapo mama alipimwa, alikutwa na nini, alitibiwa kwa dawa gani na, jambo ambalo mara nyingi ndilo linaloamua, alitibiwa tarehe gani.

Kaswende ndiyo inayoonyesha umuhimu wa tarehe hiyo. Kimelea chake, bakteria mwembamba mwenye umbo la skurubu, huweza kuvuka kondo la nyuma wakati wowote wa ujauzito. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2016 kulikuwa na watoto 661,000 walioathiriwa na kaswende ya kuzaliwa nayo duniani, na kwamba zaidi ya 200,000 kati yao walifia tumboni au walikufa wakiwa wachanga. Tanzania ina nafasi ya pekee katika elimu ya ugonjwa huu, kwa kuwa ni jijini Mwanza ambako Deborah Watson-Jones na wenzake walifanya tafiti mbili, zilizochapishwa mwaka 2002, ambazo hunukuliwa hadi leo kila panapojadiliwa kaswende ya wajawazito. Utafiti wa kwanza ulionyesha kwamba miongoni mwa wanawake wenye kaswende kali ambao hawakuwa wamepimwa, mmoja kati ya kila wanne alijifungua mtoto mfu, na kwamba katika kundi lile la wasiopimwa nusu ya vifo vyote vya tumboni ilitokana na ugonjwa huo. Wa pili ulionyesha kwamba mjamzito aliyechomwa sindano za dozi moja tu ya penisilini ya benzathini, uniti milioni 2.4, alijifungua kwa usalama uleule wa mwanamke ambaye hakuwa na kaswende kabisa. Ni vigumu kuzisoma tafiti hizo mbili kwa pamoja bila uchungu, maana maafa makubwa kiasi hicho yalikuwa yakisubiri dawa ya bei nafuu, ya jamii ambayo madaktari wamekuwa nayo tangu miaka ya 1940.

Penisilini haina mbadala hapa. Erithromaisini na azithromaisini hazimfikii mtoto tumboni kwa kiwango cha kuaminika, kwa hiyo mama aliyepewa dawa hizo huhesabiwa kuwa ametibiwa yeye, na mtoto wake huhesabiwa kuwa hajatibiwa. Vilevile penisilini iliyochomwa chini ya siku 30 kabla ya kujifungua haitoi hakika, na ndiyo maana daktari wa Songea huhesabu siku kwenye kadi kabla hata hajamshika mtoto. Akimshika, hutafuta mafua mazito yenye damu, upele au malengelenge kwenye viganja na nyayo, ini na bandama zilizovimba, na mkono ambao mtoto hauchezeshi kwa sababu mfupa unauma. Asipoona lolote bado hulinganisha damu mbili zilizochukuliwa siku moja: iwapo kingamwili za mtoto zimekolea mara nne au zaidi ya zile za mama, ziada hiyo haiwezi kuwa ya kuazima. Mtoto mwenye dalili huchomwa penisilini kila siku kwa siku 10 hadi 15, na asiye na dalili, ambaye mama yake alitibiwa ipasavyo na mapema, hufuatiliwa kwa karibu.

Kwa Virusi vya Ukimwi tatizo ni lilelile la kingamwili za kuazima, ila ufumbuzi wake ni mwingine. Mtoto mchanga hupimwa kwa kipimo kinachotafuta chembe za urithi za kirusi chenyewe, kwa matone ya damu yaliyochukuliwa kisiginoni na kukaushwa kwenye karatasi maalumu, ambayo husafirishwa hadi maabara bila kuhitaji barafu, faida kubwa kwa zahanati za mbali. Utafiti uliofanyika Kampala na kutangazwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba dozi moja ya nevirapini kwa mama na moja kwa mtoto ilipunguza maambukizi kwa karibu nusu. Leo dozi hiyo moja imepitwa na wakati, kwani tangu mwaka 2013 Tanzania ilianza kumpa kila mjamzito mwenye virusi dawa za kudumu, na mama anayezitumia bila kukosa mara chache sana humwambukiza mwanawe.

Malaria nayo, ambayo bado ni mzigo mzito Ruvuma, ina namna yake ya kulivamia kondo la nyuma. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy, waliofanya kazi Kisumu, walionyesha kwamba vimelea vya malaria vinavyojikusanya humo hunata kwenye molekuli moja, kondroitini salfeti A, ambayo vimelea vya kawaida havina uwezo wa kuishika. Uchunguzi wao uliendelea baadaye Muheza, mkoani Tanga. Mwanamke mwenye mimba ya kwanza hana kingamwili dhidi ya vimelea hivyo hata kama ameugua malaria maisha yake yote, hivyo mtoto wake wa kwanza ndiye aliye hatarini zaidi kuzaliwa na uzito pungufu, na wakati mwingine na vimelea katika damu yake. Vidonge vya SP, dawa ya kuzuia malaria, anavyopewa mjamzito kliniki vimekusudiwa hasa kulilinda kondo hilo.

Rubela, ambayo kwa mama huwa ni homa nyepesi na vipele, humharibu mtoto macho, moyo na masikio iwapo itampata katika wiki 12 za mwanzo. Uhusiano huo uligunduliwa mwaka 1941 na Norman Gregg, daktari wa macho wa Sydney, aliyeshangazwa na wingi wa watoto wachanga wenye mtoto wa jicho. Tanzania iliingiza chanjo ya pamoja ya surua na rubela mwaka 2014, kwa kampeni iliyowafikia watoto wa miezi 9 hadi chini ya miaka 15, na baadhi ya wasichana wa kampeni ile sasa wanahudhuria kliniki za wajawazito.

Kirusi kiitwacho saitomegalo ndicho kinachoongoza duniani kwa kuambukizwa tumboni. Wengi wa watoto walioambukizwa huzaliwa bila dalili yoyote, kisha baadhi yao hupoteza usikivu polepole katika miaka ya mwanzo, na kirusi hicho kisipotafutwa ndani ya wiki 3 za kwanza haiwezekani tena kujua kama mtoto alizaliwa nacho au alikipata kwenye maziwa ya mama. Kwa sababu ya kingamwili za kuazima, na ya usikivu unaoweza kupotea polepole, mtoto aliyetoka mbali kama Tunduru, hata akiwa mnene na mchangamfu, huandikiwa tarehe ya kurudi akifikisha miezi 18, apimwe damu ambayo sasa ni yake mwenyewe, kisha daktari asimame nyuma yake, amwite kwa sauti ya chini na kuangalia kama atageuka.