Fahamu: Mambo ya kujua kabla ya kuvuka mpaka wa Uganda kupitia Vurra au Oraba

Kutoka Arua, barabara ya Vurra inaingia Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kutoka Koboko, Oraba inakufikisha Kaya, Sudan Kusini. Ni safari fupi, lakini ni safari ya nje ya nchi.

Chanjo gani inahitajika?
Ya homa ya manjano. Kadi yake huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo usingoje siku ya safari. Tangu Julai 2016, kanuni za kimataifa zinaitambua kwa maisha yote.

Vipi kuhusu Ebola?
Mlipuko uliotangazwa Kongo Agosti 2018 ulifika Ituri, mkoa jirani wa Arua. Dalili hujitokeza kati ya siku 2 na 21. Ukirudi ukapata homa, nenda kituo cha afya mapema na utaje ulikotoka.

Na usalama?
Barabara ya Kaya kwenda Yei imewahi kushuhudia mashambulizi ya kuvizia. Ulizia hali kabla ya kuondoka, safiri mchana, na uwaachie jamaa ratiba yako. Balozi za Uganda ziko Juba na Kinshasa, mbali na mpaka; andika namba zao mapema. Biashara inaweza kusubiri, uhai haurudi.