Kwa Nini Aina Mpya ya Viazi Hujaribiwa Shambani Kwanza

Wakulima wengi wa Nyandarua hupanda Shangi. Hukomaa kwa takriban miezi mitatu na soko lake lipo, lakini huchipua mapema ghalani na hushambuliwa vibaya na bakajani wakati wa mvua na baridi. Ndiyo maana watafiti wa KALRO Tigoni na wenzao wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi huendelea kutafuta aina bora zaidi.

Kabla ya kuidhinishwa, aina mpya hupitia majaribio ya kitaifa yanayosimamiwa na KEPHIS, katika maeneo tofauti na kwa zaidi ya msimu mmoja. Hupandwa katika vipande kadhaa vya shamba, kando ya aina iliyozoeleka, na nafasi zake huchaguliwa kwa kura. Kipande kimoja kikiangukia penye rutuba kinaweza kudanganya kila mtu. Mavuno hupimwa kwa mizani na majani hukaguliwa. Kisha viazi hupikwa. Kisichofaa chipsi wala mukimo hakina mnunuzi, hata kizae namna gani.

Ukialikwa kutazama majaribio, fika, na useme wazi usichokipenda. Lakini usibebe viazi hivyo kwenda kupanda. Aina hiyo huenda ikakataliwa, na kiazi kinachoonekana kizima chaweza kuficha mnyauko wa bakteria, ambao ukiingia shambani hubaki udongoni kwa miaka. Kwa mbegu iliyothibitishwa, muulize afisa wa kilimo wa wadi yako.