Vidonge Vimekwisha, Uchovu Umebaki

Mgonjwa aliyemaliza matibabu ya homa ya ini aina C akirudi kliniki na kusema mwili bado mzito, viungo vinamuuma na usiku hapati usingizi, mimi huanza na maswali mawili: ulitumia dawa gani, na ulimaliza lini? Wengi hushangaa kuulizwa, maana wanakuja wakiwa wameshatoa hukumu. "Dawa zimeniharibu, daktari." Kuna wakati ni kweli. Kwa vidonge vinavyotolewa siku hizi, mara nyingi si kweli, na kuvisingizia kuna hasara yake: aliyeamini kwamba anaumwa na mabaki ya dawa hukaa akisubiri yaishe, na kinachomchosha hasa kinaendelea bila kupimwa.

Nianze na wenye haki ya kuzilaumu. Kabla ya vidonge vya sofosbuviri kuidhinishwa Marekani mwishoni mwa 2013, matibabu yalikuwa sindano za interferoni pamoja na ribavirini kwa wiki 24 au 48. Interferoni ni kemikali ambayo mwili wenyewe huitoa unapopambana na virusi, na ni mojawapo ya sababu za mtu mwenye mafua makali kuhisi amepondwa. Waliochomwa sindano hizo waliishi na hali hiyo kwa miezi. Nywele zilipukutika, uzito ukashuka, watu wapole wakawa wa kufoka hovyo, wengine wakazama katika sonona. Mengi yalitulia baada ya sindano kusimama. Lakini interferoni huweza kuichochea kinga ya mwili iishambulie tezi ya shingoni, ile ambayo ikivimba tunaita rovu, na tezi hiyo si lazima ipone kwa sababu tu sindano zimekwisha. Mtu aliyetibiwa hivyo, ambaye leo anaona baridi wakati wenzake wanatoka jasho, ananenepa bila kuongeza chakula na ngozi yake imekauka, apimwe homoni za tezi. Tatizo likiwa ni hilo, kidonge cha kila siku kinalimudu.

Ribavirini, ambayo bado huongezwa kwa baadhi ya wagonjwa, huvunja chembe nyekundu za damu. Damu hurudi baada ya dawa kusimama, ingawa si kwa siku mbili tatu. Jambo lisilopaswa kusahaulika ni kwamba dawa hii hukawia sana mwilini na humdhuru mtoto aliye tumboni. Mwanamke aliyeitumia, na mwanamke ambaye mume wake aliitumia, wasibebe mimba kwa muda usiopungua miezi sita tangu dozi ya mwisho. Hapo kweli dawa imebaki.

Vidonge vya sasa ni habari nyingine. Sofosbuviri pamoja na daklatasviri au velpatasviri humezwa kwa wiki 12 kwa wagonjwa wengi, na zaidi ya 95 kati ya kila 100 hupona. Vikishamezwa vya mwisho, mwili huvitoa ndani ya siku chache. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya jaribio liitwalo ASTRAL-1. Wagonjwa 624 walipewa sofosbuviri na velpatasviri, 116 wakapewa vidonge vitupu visivyo na dawa, bila wao wala madaktari wao kujua nani amepata nini. Kichwa kiliwauma asilimia 29 ya waliomeza dawa, na asilimia 28 ya waliomeza vidonge vitupu. Uchovu ulikuwa asilimia 20 kila upande.

Sipendi takwimu hizo zitumike kumnyamazisha mgonjwa. Waliomeza vidonge vitupu hawakuwa wakiigiza. Walikuwa wamechoka kweli, na wote walikuwa na ugonjwa. Zinachotuambia ni kwamba chanzo cha uchovu kitafutwe kwingine.

Pa kwanza pa kutafuta ni kirusi chenyewe: je, kimeondoka? Jibu halipatikani siku ya kumaliza vidonge. Hupatikana kwa kupima wingi wa virusi katika damu wiki 12 baadaye, na wagonjwa wengi huruka kipimo hicho kwa gharama au kwa kujisikia nafuu. Kwa nchi za Maziwa Makuu hilo si jambo dogo. Huko kirusi kinachotawala ni cha aina ya 4, chenye matawi mengi. Nchini Rwanda watu 300 walipotibiwa kwa ledipasviri na sofosbuviri, asilimia 87 walipona, lakini kwa wenye tawi liitwalo 4r waliopona walizidi nusu kidogo tu. Kwa hiyo mtu anaweza kumaliza dozi kwa uaminifu, asiruke hata siku moja, na bado akahitaji mchanganyiko mwingine wa dawa. Hilo halimaanishi kwamba alikosea.

Kirusi kikiwa kimekwisha, ligeukie ini. Homa ya ini C hukaa kimya miaka 20 au 30 kabla ya kujitangaza. Nchini Misri wengi waliipata kwa sindano za kutibu kichocho, zilizochomwa vijijini kuanzia miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa vifaa visivyochemshwa ipasavyo. Vidonge vilipowafikia, wengine walikuwa wameishi na kirusi zaidi ya nusu ya umri wao. Rwanda na Burundi pia, wenye ugonjwa huu wengi ni wazee. Wiki 12 hufuta virusi. Makovu ya miaka 40 hazifuti. Yanaweza kupungua, lakini kwa miaka, na si kwa kila mtu.

Ini lenye makovu mengi, yaani sirosisi, huchosha kwa namna yake. Misuli ya mapaja na mabega hupungua hata kama tumbo linaonekana kubwa. Ipo dalili moja ambayo ndugu wa nyumbani huiona mapema kuliko daktari: mzee anasinzia mchana kutwa, usiku anakesha, anasahau alichotumwa, mwandiko unaharibika, mikono inapepesuka anapoinyoosha. Nimesikia ikielezwa kwamba "dawa zimempanda kichwani". Sivyo. Ini linashindwa kuondoa sumu zitokazo kwenye utumbo, nazo zinafika kwenye ubongo. Sharubati ya laktulosi husaidia sana, lakini kwanza mtu apelekwe hospitali, na asipewe vidonge vya usingizi kutoka duka la dawa.

Dalili nyingine ya hatari ni macho kuwa ya njano katika miezi ya matibabu au inayofuata. Kirusi cha homa ya ini B, ambacho katika ukanda wetu ni cha kawaida, huweza kuamka pale kirusi cha C kinapoondolewa. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo hilo liandikwe kwenye dawa zote za kundi hili. Kila mgonjwa anapaswa kupimwa B kabla ya kuanza. Kama hukupimwa, uliza sasa.

Yapo na mengine yasiyo ya ini hata kidogo. Kisukari, ambacho homa ya ini C hukivuta karibu. Upungufu wa damu. Sonona, ambayo haiondoki kwa sababu karatasi ya maabara imesema virusi havionekani. Wengine hubaki na ganzi miguuni na vipele vyekundu kwenye miundi, vitokanavyo na protini ambazo kinga ya mwili ilizizalisha kwa miaka mingi ya kupigana. Dalili hizo huweza kuchukua miezi mingi kupungua hata baada ya kupona.

Na maumivu ya kila siku? Mwenye sirosisi aache diklofenaki na ibuprofeni, ingawa ndizo anazopewa haraka zaidi dukani, kwa sababu huumiza figo na kuleta damu tumboni. Parasetamoli, kinyume cha wengi wanavyoamini, ni salama zaidi kwake, ilimradi asizidishe gramu 2 kwa siku, yaani vidonge vinne vya miligramu 500. Kula kwa kujinyima nyama, samaki na maharage "ili ini lipumzike" huongeza udhaifu. Bakuli la uji wa maziwa kabla ya kulala lina faida kuliko mfungo huo. Kutembea kila siku, kidogo kidogo na kwa kuongeza, husaidia uchovu kuliko kulala. Karanga na mahindi yenye ukungu yatupwe, maana sumukuvu huliendea ini. Na zile chupa za kijani za "kusafisha ini" zinazouzwa stendi na mitandaoni, sina neno la upole kwazo: ini ndilo litakalolazimika kuvunjavunja kila kilichomo ndani yake, na anayeziuza mara nyingi hajui ni nini.

Mwenye sirosisi aendelee na altrasaundi kila miezi sita hata akijisikia mzima kabisa, kwa kuwa hatari ya saratani ya ini hupungua baada ya kupona lakini haifiki sifuri.

Limebaki la makaratasi. Kingamwili za homa ya ini C hubaki kwenye damu baada ya kupona, pengine maisha yote, wala hazimkingi mtu asiambukizwe tena. Kipimo cha haraka kitaendelea kusema "ipo". Vijana wanaoomba kazi nchi za Ghuba hupimwa kingamwili hizo, na aliyepona anaweza kuandikwa kuwa hafai kabla hajapata nafasi ya kujieleza. Omba kliniki yako barua yenye jina la dawa, tarehe ya dozi ya mwisho, na matokeo ya kipimo cha wingi wa virusi cha wiki 12 pamoja na tarehe yake. Toa nakala, na ile halisi usimwachie wakala.